Kabla ya kutazama kipimajoto, tazama bendera

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: mtu aliyejiandaa kwa mbio za maili moja zinazopimwa muda, na siku yenyewe ikafika na hali mbaya ya hewa, akimbilie ukumbini au avumilie nje? Naona swali limetia mambo matatu katika kapu moja. Baridi, mvua na upepo huitwa kwa jina moja la hali mbaya ya hewa, lakini mbele ya saa ya kusimamisha kila kimoja kina tabia yake. Mtu aliyepasha mwili moto sawasawa hana sababu ya kuikimbia baridi kwa mbio zitakazokwisha kabla chai haijapoa, na mvua ya kawaida ni hivyohivyo. Upepo ndio mwizi, kwa sababu humnyang'anya mkimbiaji kila mzunguko na haumrudishii alichochukua. Kwa hiyo mimi huingia ndani upepo unapovuma au barafu inapotanda njiani, na siku nyingine zote hubaki nje. Tena nikiingia ndani, kwanza naupima ukumbi.

Naandika kutoka Duluth, Minnesota, mji ulioegemea mteremko unaoshukia Ziwa Superior, ambalo kwa eneo ndilo ziwa pekee la maji baridi linalolizidi Ziwa Victoria, na hapa maneno "maji baridi" yachukuliwe kwa maana zote mbili. Nilikokulia, Arusha, hali mbaya ya hewa kwa mkimbiaji ilikuwa tope la masika linalonata chini ya raba hadi mguu mmoja ukawa mzito kama jembe, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama ningependa kukimbilia ndani. Huku wanauliza. Kuanzia Novemba hadi Aprili swali hilo ni la kila siku, nami tangu nilipofikisha miaka 40 nimekuwa nikikimbia maili moja kila mwaka mwezi huo wa Novemba, peke yangu, nikiwa na saa mkononi, ili nijue mwaka umenifanyia nini.

Nianze na ukumbi, kwa kuwa ndio ulionifundisha kwa gharama. Katika jengo la michezo la mtaani kwetu, njia ya kukimbilia iko ghorofani, kama roshani inayozunguka uwanja wa mpira wa kikapu ulio chini yake. Ukutani kuna vibao vitatu. Cha kwanza kinasema kwamba mizunguko 11 ni sawa na maili moja. Cha pili kinaeleza siku za kuzunguka kuelekea kulia na siku za kuzunguka kuelekea kushoto, ili goti la upande mmoja lisibebe adhabu ya mwaka mzima. Cha tatu kinaagiza watembeao wakae njia ya ndani na wakimbiaji njia ya nje. Nilivitii vyote vitatu, nikamaliza mizunguko 11 kwa dakika 8 na sekunde 2, nikarudi nyumbani nimenuna, maana mwaka uliotangulia nilikuwa nimekimbia chini ya dakika 8 bila kujitutumua sana.

Kesho yake nilirudi na utepe wa kupimia, ule wa mafundi ujenzi, nikapiga magoti pale sakafuni huku bibi mmoja mwenye fimbo akinipita mara mbili na kunitazama kwa huruma. Kutoka katikati ya njia ya ndani hadi katikati ya njia ya nje nilipata sentimita 90. Hesabu ya duara inatosha hapo: anayezunguka sentimita 90 nje ya mwenzake huongeza mita 5.65 kila mzunguko, uwanja uwe mkubwa au mdogo, na kwa mizunguko 11 nyongeza hiyo hufikia mita 62. Maili ni mita 1,609 na sentimita kama 34. Mimi nilikuwa nimekimbia mita 1,671 na kujihukumu kana kwamba ni maili, na kwa kasi ile mita 62 hizo ni sekunde 18 nzima. Nikizitoa, napata dakika 7 na sekunde 44. Kibao cha kwanza hakikudanganya; kilikuwa kikizungumza na watu wa njia ya ndani, na kibao cha tatu kilikuwa kimekwisha kunitoa humo.

Saa ya mkononi inayotegemea setilaiti isingeniokoa, kwa sababu chini ya paa haipati mawimbi vizuri, na hapo hukisia umbali kwa kuhesabu mkono unavyorushwa. Mashine ya kukimbilia nayo siihesabu kabisa. Pale mtu huchagua kasi mwanzoni, kisha anaona kama ataiweza, na hilo ni zoezi jema lakini si kupima muda.

Kisha kuna kona. Uwanja wa ndani wa mashindano makubwa una mzunguko wa mita 200, nusu ya ule wa nje, na kona zake zimeinuliwa upande wa nje ili mkimbiaji alale pamoja na sakafu badala ya kupigana nayo. Februari 2025, huko Liévin, Ufaransa, Jakob Ingebrigtsen wa Norway alikimbia maili ndani kwa dakika 3 na sekunde 45.14, rekodi ya dunia ya ukumbini; rekodi ya nje, ya Hicham El Guerrouj wa Morocco, imesimama tangu Roma mwaka 1999 kwa dakika 3 na sekunde 43.13. Tofauti ni sekunde 2 tu, na wapo wanaosoma takwimu hizo wakasema basi ndani na nje ni mamoja. Ni mamoja kwa mwenye kona zilizoinuliwa. Kasi ya Ingebrigtsen katika kona yenye nusukipenyo cha mita 17 hivi humlazimu kuinama nyuzi 17 kuelekea ndani, na sakafu inampokea. Mimi kwa kasi yangu, katika kona ileile, ningeinama nyuzi 4, jambo ambalo hata nisingelihisi; lakini katika roshani yetu, ambayo kona zake ni za mita 6 hivi na sakafu yake ni bapa, nainama nyuzi 11 juu ya mbao zilizong'arishwa, na inanibidi nipunguze mwendo kila pembe kisha niuongeze upya. Mizunguko 11 ina pembe 44. Mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani yanalijua hili vizuri, ndiyo maana yana jedwali la kurekebisha muda kulingana na aina ya uwanja wa ndani, kama ni bapa, umeinuliwa kona au umezidi mita 200.

Sasa upepo. Wengi huamini kwamba uwanja ni duara, hivyo upepo unaokupinga upande mmoja utakusukuma upande wa pili na hesabu itajifuta yenyewe. Haijifuti. Mabaharia wa pwani yetu wangecheka, maana wanajua kwamba upepo wa omo, unaokupinga mbele, na upepo wa tezi, unaokusukuma nyuma, si mizani yenye sahani mbili. Nguvu ya hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi inayokukabili. Anayekimbia maili kwa dakika 8 huenda mita 3.35 kwa sekunde, na siku isiyo na upepo kipeo cha pili cha kasi hiyo ni kama 11. Tuichukue ndiyo kodi ya kawaida. Ukivuma upepo wa mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, ambao hapa Duluth hakuna anayeuita upepo mkali, usoni atakabiliwa na hewa ya mita 8.35 kwa sekunde, na kodi inapanda hadi 70. Akigeuka, upepo unamzidi kwa mita 1.65 tu, na msukumo anaopata ni kama 3. Toa 3 katika 70, gawa kwa mbili, na wastani wa njia nzima ni zaidi ya 33, mara tatu ya kodi ya siku tulivu. Ni hesabu ya kijuujuu, kwa sababu uwanja una kona na upepo una mikunjo yake, lakini mwelekeo wake ni wa kweli.

Wakubwa wa mbio hizi walilijua hilo kwa ngozi zao. Mei 6, 1954, Roger Bannister alishinda mchana kutwa akiwaza kuahirisha jaribio lake la kuwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 4, pale uwanja wa Iffley Road, Oxford, na mvua au baridi havikuwa tatizo lake kuu. Upepo ndio uliomtia shaka, naye aliendelea kuitazama bendera iliyokuwa juu ya kanisa la jirani hadi ilipolegea mlingotini. Hapo akakubali. Wakimbiaji wenzake, Chris Brasher na Chris Chataway, wakamtangulia kwa zamu, wakiikata hewa kwa niaba yake, na saa ikasoma dakika 3 na sekunde 59.4. Miaka 71 baadaye, Juni 2025, Faith Kipyegon wa Kenya alipojaribu huko Paris kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 4, karibu maandalizi yote yalikuwa dhidi ya hewa: kundi la wakimbiaji wa kike na wa kiume lilimzunguka mbele na nyuma, na hata vazi lake lilikuwa na vinundu vya kuilainisha hewa ipitayo mwilini. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushee, haraka kuliko rekodi yake halali ya dakika 4 na sekunde 7.64, ingawa kwa utaratibu ule wa kuongozwa haikuweza kuhesabiwa. Ndiyo maana namheshimu zaidi Filbert Bayi wetu, aliyekimbia mita 1,500 za Christchurch mwaka 1974 akiwa mbele tangu bastola ilipolia hadi kwenye utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16, na mwaka uliofuata akaweka rekodi ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51 kamili huko Kingston. Anayeongoza tangu mwanzo huwakatia hewa wenzake wote, na mwenyewe hakatiwi na yeyote.

Kuhusu baridi sina mengi. Hewa ya nyuzijoto sifuri ni nzito kuliko ya nyuzijoto 20 kwa takriban asilimia 7, kiasi kidogo ukikilinganisha na ile kodi iliyopanda mara tatu. Kinachohitajika ni glavu, kofia, na dakika 20 za kupasha mwili kwa kukimbia taratibu, kisha koti livuliwe dakika ya mwisho. Mwenye pumu yuko katika hukumu nyingine na asikilize daktari wake, kwa sababu hewa baridi na kavu hubana kifua. Lakini naye asidhani ukumbi ni salama moja kwa moja, maana hewa iliyokaushwa na mitambo ya joto nayo huacha kikohozi kikavu kinachomwandama mtu hadi usiku. Mvua ikija na radi, mjadala umekwisha, ingieni ndani. Barafu nayo nimekwisha kuitaja, na nyonga yangu ya kushoto inaweza kutoa ushahidi.

Wiki mbili baada ya kisa cha utepe niliamka Jumapili na kukuta nyuzijoto 6 chini ya sifuri, theluji imekwanguliwa uwanjani, na moshi wa mabomba ya nyumba ukipanda wima kama umechorwa kwa rula. Nilikimbia mizunguko minne na zile mita 9 za ziada kwa dakika 7 na sekunde 46, karibu sawa na muda wangu wa ukumbini uliosahihishwa. Mwaka mmoja kabla, nikijaribu mara ya pili uwanja huohuo katika siku ya jua la kupendeza na upepo wa ziwani, nilipata dakika 8 na sekunde 15, na jirani yangu alinipongeza kwa kubahatisha hali nzuri ya hewa.

Kinachonikera hasa ni jinsi tarakimu za mahali tofauti zinavyoandikwa safu moja. Binti yangu yuko darasa la saba, na shuleni kwao hupimwa maili mara mbili kwa mwaka. Majira ya machipuko yaliyopita kulikuwa na manyunyu, miti imesimama kimya bila jani kutikisika, na mwalimu akawaingiza watoto 25 katika ukumbi wa mpira wa kikapu, akaweka koni pembe nne, mizunguko 20. Hizo ni kona 80 za pembe mraba, huku watoto wakigongana mabega. Binti alirudi na muda uliozidi ule wa vuli kwa sekunde 50, akaniambia kwamba ameharibika. Nilimwandikia mwalimu barua ya adabu, nikamwonyesha hesabu ya kona na kumwomba mambo mawili: manyunyu yasiyo na upepo yasiwazuie watoto nje, na wakilazimika kuingia ndani, mahali paandikwe kando ya muda. La kwanza alilikataa, akasema wazazi wengine hawatamwelewa mtoto akirudi amelowa, na sikuweza kumlaumu. La pili alilikubali. Katika karatasi iliyokuja nyumbani mwezi huu, kando ya muda ule wa machipuko, kuna neno moja la penseli: ukumbini.