Kronografu ya kutia ufunguo: kazi nilizoipa mimi

Mkuu, umeuliza kronografu, yaani saa ya mkononi ya mamilioni yenye stopuwochi ndani na vitufe viwili ubavuni, ina kazi gani wakati kila simu ina stopuwochi. Nami nilikuwa nauliza hivyohivyo, mpaka kaka aliponiachia Omega Speedmaster yake. Mwaka wa nne huu iko mkononi.

Siku niliyoiheshimu ni usiku mtoto wetu wa mwaka na nusu alipobanwa kifua. Nesi wa kliniki alishatufundisha kuhesabu pumzi dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Wa umri ule akifika 40 au zaidi, hospitali. Nikailaza saa kwenye mto, nikabonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu ukaanza kwenye sifuri. Hakuna kukariri nilianzia wapi, wala kioo kuzimika katikati. Nikapata 52. Saa nane usiku tukawa njiani. Ilikuwa nimonia, akapona. (Sikudanganyi, hata saa ya elfu kumi yenye mshale wa sekunde ingetosha.)

Siku za kawaida nakitumia zaidi kile kiduara kidogo usoni kinachohesabu dakika hadi 30. Wali umekauka maji, nimeupalia makaa, mikono ina unga wa chapati: nabonyeza kwa kifundo cha kidole, basi. Simu ungeipaka unga yote.

Zile namba za ukingoni ni takimita. Ukiwa kwenye basi, bonyeza mkipita nguzo ya kilomita, simamisha kwenye inayofuata, mshale unakusomea mwendo. Sekunde 45 ni 80 kwa saa. Safari moja ya Dodoma nilipata 36, yaani 100, nikafunga mkanda kimyakimya. Lakini chini ya 60 haisomi, kwa hiyo kwenye foleni za Dar usijisumbue.

Watu wengi hawajui kwamba inapima kazi pia. Fundi aliniambia anafyatua tofali 100 kwa saa. Nikapima kutoka tofali moja hadi jingine: sekunde 50, ukingo ukasoma 72. Tukapatana malipo kwa tofali, si kwa siku.

Kero zake: usipoitia ufunguo siku mbili inasimama, na yangu inakimbia sekunde kama sita kwa siku. Vitufe usiviguse ikiwa majini. Na kabla hujamkabidhi fundi saa yeyote, muulize kwanza kama amewahi kufungua kronografu, maana ndani kuna vyuma vingi kuliko saa ya kawaida na wengine hujifunzia kwako.