XTZ 125 kwa safari ya porini: nianze kubadilisha nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Urambo, mkoani Tabora. Nimenunua pikipiki ya Yamaha XTZ 125 kwenye mnada wa mradi mmoja uliofungwa, na haina tatizo kubwa. Kiangazi hiki nataka kwenda nayo hadi Uvinza, kisha nishuke Mpanda, nikiacha lami kila ninapoweza na kulala kwenye hema. Fundi wa hapa ananishauri nianze na pistoni kubwa na ekzosi ya wazi ili ipate nguvu ya kubeba mzigo. Ni sahihi? Na kwa kuwa hela ni kidogo, nianze na nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa pikipiki. Injini iache kama ilivyotoka kiwandani. Hela yako iende kwenye springi, matairi, keria na kinga, kwa sababu huko unakoenda pikipiki nyingi zinakwama kwa kuvunjika au kupasuka tairi kabla injini haijaishiwa nguvu.

Injini hii inapozwa na upepo. Kwenye mchanga wa Kaliua, njiani kwenda Uvinza, utakuwa gia ya kwanza na ya pili kwa muda mrefu, spidi ndogo, upepo haufiki vizuri kwenye mapezi ya silinda huku injini inavuta kwa nguvu zote. Ukichonga silinda ili iingie pistoni kubwa unaongeza joto, na ikigoma ukiwa Usinge hutapata pistoni ya saizi hiyo dukani. Ekzosi ya wazi nayo inafanya hewa izidi petroli. Usipobadilisha jeti za kabureta, yaani vile vitundu vya kupitishia petroli, plagi itatoka nyeupe na joto litapanda tena. Wala usidanganywe kwamba kabureta itafungwa upya kwa ajili ya mwinuko. Tabora ni kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Tanganyika ni kama mita 770. Tofauti hiyo kabureta ya kiwandani inaivumilia.

Nguvu unayoitaka ipo kwenye sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungusha cheni. Hesabu meno ya ile ya mbele. Kama ni 15, funga ya 14: ni sawa na kuongeza meno matatu kwenye sproketi ya nyuma yenye 45, na bei yake ni ndogo zaidi. Pikipiki itavuta vizuri kwenye mchanga na kwenye vilima, na kwenye lami utapungukiwa spidi kidogo. Ila angalia ile plastiki ambayo cheni inapita juu yake kwenye mkono wa tairi la nyuma, maana sproketi ndogo inaifanya cheni iisugue zaidi. Ikiisha, cheni inaanza kula chuma.

Sasa springi, ambayo watu wanairuka kwa kuwa haionekani. Simamisha pikipiki wima, mwenzako aiinue nyuma mpaka tairi lining'inie, upime kwa futi kutoka ekseli ya nyuma hadi alama utakayoiweka kwenye madigadi. Halafu funga mzigo wote, panda ukiwa umevaa vya safari, mwenzako apime tena. Toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza. Kama shokapu inaruhusu tairi kusafiri sentimita 15, kushuka kwa sentimita 5 hivi ni kuzuri. Ikishuka 7 au 8, springi ni laini mno kwa mzigo huo: nyuma itagonga mwisho kwenye kila shimo, na mbele itakuwa nyepesi, usukani unatangatanga kwenye mchanga. Kaza springi kwanza, kama yako ina nafasi ya kukazwa. Ikikataa, tafuta springi ngumu zaidi, au punguza mzigo. Kupunguza mzigo ni bure, na mimi ningeanzia hapo.

Keria ndiyo iliyoniletea kazi nyingi gereji. Fremu ya nyuma ya pikipiki hizi ilikusudiwa kubeba mtu aliyekaa, na watu wanafunga sanduku la chuma nyuma kabisa ya taa. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli unaifanya fremu kama mtu anayekunja waya: chini, juu, chini, juu, mpaka inakatika. Kabla hujaondoka, fungua kiti, futa mavumbi, kagua chomeleo lililo chini ya mwisho wa kiti kwa tochi. Ufa unaanza kwa mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi, na pembeni yake kuna unga wa kutu wekundu. Ukiuona, usisafiri. Chomelea na uongeze kipande cha kuimarisha.

Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya mifuko miwili ya pembeni, ishikwe sehemu tatu kila upande, moja yake karibu na kikanyagio cha abiria. Mifuko ya turubai inatosha. Vitu vizito, yaani spana, maji na petroli ya akiba, vikae chini na mbele kadiri inavyowezekana. Juu ya keria weka hema na godoro tu. Petroli lita 5 ni karibu kilo 4, kwa hiyo mahali unapolifunga dumu panaleta tofauti. Kujua kama unalihitaji, jaza tanki, tembea kilomita 100 za vumbi ukiwa na mzigo, jaza tena uone imekunywa kiasi gani. Petroli ya chupa vijijini ichuje kwa kitambaa, na ufunge filta ndogo kwenye mpira wa mafuta.

Matairi yawe na meno marefu, hasa la mbele. Kwenye mchanga shusha upepo hadi PSI 16 au 18, ukirudi kwenye mawe au lami upandishe. Ukishusha zaidi, tairi linaweza kuzunguka juu ya rimu na kung'oa kipini cha tyubu, yaani valvu ya kujazia upepo. Ile nati ndogo ya kipini usiikaze kwenye rimu. Ipandishe juu ikutane na kifuniko. Tairi likianza kuteleza utaona kipini kimelala upande, na utawahi. Kama nafasi ni ya tyubu moja tu, beba ya mbele ya inchi 21: kwa dharura inaingia hata kwenye tairi la nyuma la inchi 18, ikufikishe mjini.

Vumbi la kiangazi linaua pistoni kimya kimya. Kama chujio lako la hewa ni la sponji, lioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, likauke kabisa, ulipake oili na kulikamua. Usilioshe kwa petroli. Paka grisi kwenye ukingo linapokaa, halafu baada ya siku ya vumbi pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira unaoelekea kabureta. Kikitoka na rangi ya udongo, hewa inapita pembeni.

Kinga ya chini ya injini ni lazima: aluminiamu ya milimita 3 au 4, yenye tundu la kutolea oili chafu, isizibe mapezi. Klemu za levya za klachi na breki zikaze kiasi tu, ili ukianguka levya izunguke badala ya kukatika. Taa za ziada zinaweza kusubiri.

Ukimaliza, nenda Kaliua na kurudi ukiwa na mzigo kamili, ukipitia njia za mchanga. Ukifika, pitia nati zote za keria na ugonge kila spoki kwa spana ndogo. Inayotoa mlio uliokufa imelegea. Kisha nitumie kipimo cha kushuka kwa shokapu ya nyuma, pamoja na uzito wako na wa mzigo, nikuambie kama springi uliyonayo inafaa.