Moyo unadunda, vipimo safi: maswali yenu kuhusu wasiwasi

Wiki hii karibu wote mmeuliza kuhusu wasiwasi ule uliopitiliza, wa kumkosesha mtu kazi na usingizi, kwa hiyo nawajibu kwa pamoja.

Niko Mbagala, nina miaka 27. Mara tatu sasa nikiwa kwenye daladala moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, naona kabisa nakata roho. Nimepima moyo, sukari, damu, nikaambiwa sina kitu. Siku hizi sipandi gari natembea tu.

Pole sana mdogo wangu, na hiyo "sina kitu" ifute kichwani, unacho kitu na kina tiba. Unayoeleza yanafanana sana na mshtuko wa hofu, wengi wanaita paniki, yani mwili unapiga king'ora kama kuna simba mbele yako wakati hakuna, unahema harakaharaka na huko kuhema ndo kunakoleta ganzi. Kwa kawaida hofu inapanda mpaka juu kabisa ndani ya dakika kama 10 halafu inashuka yenyewe. Sasa wewe unaruka kituo cha kwanza kabla haijashuka, ubongo unadhani umepona kwa sababu ulikimbia, kesho unaogopa zaidi. Tiba yenye nguvu hapa ni ya mazungumzo, ile CBT, mara nyingi vikao kama 12, na sehemu kubwa ni kuirudia hofu kidogokidogo: unapanda vituo viwili na mtu unayemwamini, saa ambayo gari halijajaa, unakaa mpaka hofu ishuke, unarudia safari hiyohiyo mpaka uichoke, ndo unaongeza kituo, mwisho unapanda mwenyewe. Inatisha najua, ila watu wanapona hivi. Kaunsela au mwanasaikolojia muulizie hospitali ya rufaa ya mkoa.

Daktari kanianzishia sertralini, dawa ya wasiwasi, leo siku ya tano, kichefuchefu na wasiwasi umezidi. Niache?

Usiache kimyakimya, rudi umwambie, anaweza kukupunguzia dozi. Siku za mwanzo hivyo vitu hutokea na kwa wengi vinaisha ndani ya wiki moja au mbili, nafuu yenyewe huja kati ya wiki ya 2 na ya 6, na ukishapona bado unaendelea nayo miezi 6 au zaidi. Sio panado hii. Ila yakikujia mawazo ya kujidhuru usingoje klinik, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nanunua Valium duka la dawa, mwaka sasa, bila hiyo silali. Kuna ubaya?

Upo kaka, na sikulaumu hata kidogo maana inatuliza kweli ndani ya saa moja. Lakini ni dawa ya siku chache, wiki 2 mpaka 4 basi, baada ya hapo mwili unaizoea, unataka zaidi, na ukiikosa wasiwasi unarudi kwa nguvu. Usiikate ghafla! Mtu aliyeizoea akiikata ghafla anaweza kupata degedege. Mwone daktari akushushie taratibu kwa wiki kadhaa au hata miezi, na katika kipindi hicho pombe usiguse, zikichanganyika zinaweza kukuzimia pumzi.

Mwanangu anarudia udhu mara kumi, analia kwamba haujatimia. Shehe kasema ni wasiwasi wa shetani asomewe tu. Hospitali niache?

Shikamoo mama. Kisomo endelea nacho, hakuna anayekukataza, ila hospitali usiache. Hii ya kurudiarudia ina jina lake hospitalini, OCD, na tiba yake inaendana kabisa na walivyofundisha mafakihi tangu zamani, kwamba yakini haiondolewi na shaka, kwa hiyo anatia udhu mara moja anaondoka hata moyo ukikataa, na mtaalamu anakuwa naye mpaka ile kiu ya kurudia ipoe. Wakati mwingine anaongezewa dawa. Mwombe shehe mwende naye kwa daktari, kijana akisikia maneno mamoja kwa wote wawili atathubutu. Na wewe mama usimthibitishie kila akiuliza "umetimia?", mwambie kwa upole tu, "twende tukaswali".

Kahawa inachangia?

Ndio, na vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi pia. Punguza wiki mbili uone.