Jibu: Shule za misheni Rungwe zilikuwa za Wamethodisti?

Mkuu, umeuliza kama shule ya misheni aliyosoma babu yako kule Rungwe ilikuwa ya Wamethodisti. Hapana, wale ni Wamoravian. Walifika kutoka Ujerumani mwaka 1891 wakajenga kituo chini ya Mlima Rungwe. Ila madhehebu haya yana undugu: John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliguswa mno na Wamoravian aliosafiri nao melini kwenda Georgia mwaka 1735. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, Waskoti wa misheni ya Livingstonia, Malawi ya leo, ndio walioshika misheni ile kwa miaka kadhaa.

Maisha ya bweni nayajua, nimesoma huko huko nyanda za juu. Juni na Julai maji ya alfajiri yanachoma vidole! Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Tranka la bati, blanketi mbili, ugali na maharage kila siku. Jioni ndipo tulipopata joto, kwenye mazoezi ya kwaya, sauti zote nne zikipanda pamoja huku ukungu ukishuka nje. Naipenda kumbukumbu hiyo kuliko zote. Babu kama yupo, muulize aliimba sauti gani.