Mtu wa kati anamalizwa barazani kwenu, msisubiri uchaguzi

Vijana wa hapa Ngamiani, Tanga, wanaotaka kuingia siasa wananiuliza sana, "kaka, hivi mtu asiyetukana upande wa pili, anayekaa nao meza moja, atafika kweli?" Kila siku nawajibu kwa kifupi sababu habari yenyewe inaniuma. Leo naiandika yote.

Kipindi kile cha 2010 mpaka 2015 tulikuwa na diwani mwalimu mstaafu, ntamwita Mwalimu tu. Chama chake ndo chama changu. Kata yetu na ya jirani mtaro ni mmoja, maji ya mvua yanaanzia kwao yanapita kwetu ndo yaende baharini, na ulikuwa umeziba miaka, masika ikija watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Diwani wa kule alikuwa chama kingine. Mwalimu akamfuata mpaka nyumbani, wakakaa wakakubaliana wote wawili walisimamie suala hilo kwenye baraza la madiwani kwa sauti moja, na kweli mtaro ukazibuliwa.

Hilo ndo likawa kosa lake.

Jioni moja barazani, muuza kahawa kashashusha birika, vikombe vinagongana, jamaa mmoja akaanza, "yule ni popo, si ndege si mnyama, mchana yuko na sisi usiku anakula kwa wale." Watu wakacheka. Mi nimeshika kikombe changu na ukweli naujua wote, maana siku ile aliyoenda kwa diwani mwenzie mi ndo nilimpakia kwenye pikipiki, tukapewa chai na mkate wa kumimina, basi, hakuna bahasha wala nini, wamezungumza mtaro mwanzo mwisho. Nikanyamaza. Niliogopa na mimi nisiitwe popo.

Wiki mbili tatu neno likazunguka kata nzima. Siku ya kura za maoni za chama nilikuwa Deep Sea, soko letu la samaki, nahangaika na samaki wangu, nikajiambia watu wa kumpigia wapo. Akaangushwa na kijana ambaye hotuba yake yote ilikuwa matusi kwa wale wa upande wa pili. Kesho yake Mwalimu kaja barazani kama kawaida, kasalimia kila mtu, kanunua kahawa mbili, moja kanipa, alafu akaniambia taratibu, "jana nilikaa pale mpaka wanafunga, wewe sikukuona." Hakuongeza neno.

Sasa angalia, majirani wetu wa chama kingine walimpenda yule mzee na wangempigia, ila jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura waliyopewa. Mtu wa kati anamalizwa ndani, na watu wachache wenye hasira ambao hawakosi kikao, huku sie tunaomkubali tuko kwenye shughuli zetu. Marekani ni hivyo hivyo. Wale wabunge 10 wa Republican, chama cha Trump mwenyewe, waliopiga kura kwenye Baraza la Wawakilishi Trump ashtakiwe bungeni Januari 2021, baada ya uchaguzi wa 2022 walirudi 2 tu, 4 hawakugombea kabisa na 4 waliangushwa kwenye kura za ndani za chama chao, akiwemo Liz Cheney wa Wyoming ambaye kwa sera wala hakuwa mtu wa kati, alikataa tu kwenda na wimbi.

Na hapa kwetu Januari 2025 tulikesha kufuatilia uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA, Lissu kura 513, Mbowe aliyekuwa anakishikilia kiti 482. Mbowe alitoka mahabusu Machi 2022 akaenda kuzungumza na Rais Samia, na wenzie wakaanza kusema kuna watu wamelamba asali, yani wamenunuliwa. Simlaumu Lissu, mtu aliyemiminiwa risasi Dodoma 2017 ana sababu ya kutoiamini meza ya mazungumzo. Ila tuseme kweli, mikutano ya hadhara iliruhusiwa Januari 2023, katiba mpya haikuja. Aliyeshika dola akimrudisha mpatanishi nyumbani mikono mitupu, anakuwa kawapa wenye maneno makali silaha, na baadae asilalamike kwamba upande wa pili hauna watu wa kuongea nao.

Zanzibar ilikuwa tofauti kidogo. Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walikaa Novemba 2009, Julai 2010 wananchi wakapiga kura na kama asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Pale kulikuwa na kitu cha kuonyesha, na sie wa Tanga wenye ndugu Pemba tulipumua, maana yale mauaji ya waandamanaji kule Januari 2001 hatujayasahau.

Kwahiyo kijana, ushauri wangu. Siku mtu wako wa kati akisemwa barazani jibu pale pale, mbele za watu, useme ulichokiona kwa macho yako. Usimfuate baadae pembeni kumwambia "mzee tuko nyuma yako", hiyo haimsaidii kitu, yani mi nilimwambia hivyo mara kumi. Huna haja ya kugombana, mi ningesema tu "nilikuwepo, tulikunywa chai, walizungumza mtaro," maneno hayo tu, na nadhani nusu ya barazani wangenyamaza. Kwenye magrupu ya WhatsApp pia, klipu ikija uliza kasema wapi, lini, na kabla yake alisema nini. Alafu lipia kadi na nenda kwenye mikutano ya tawi hata kama inachosha, na inachosha kweli.

Na kama mtu wa kati ni wewe mwenyewe, kabla hujaenda kukaa na wale watangazie wenzio unaenda na unaenda kudai nini, ukirudi wasimulie umepata nini na nini wamekunyima. Mwalimu alienda kimya kimya kwa nia njema kabisa, akawaachia watu nafasi ya kujaza wenyewe.

Mwalimu bado anakuja, anakaa pale pale karibu na mlango. Siasa haongei tena. Masika iliyopita mtaro uliziba, nikamuuliza tufanyeje, akaniambia, "kamuulize diwani wenu."