Tozo ya taa na bustani kwenye bili ya nyumba California, na ile bahasha ya kura msiyoielewa

Swali: Shikamoo kaka injinia. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba California miaka miwili iliyopita. Kwenye bili ya kodi ya nyumba kuna mstari mmoja wa "LLD", dola 90 kwa mwaka, wanasema ni ya taa za barabarani na bustani. Sasa imekuja bahasha yenye karatasi ya kura, wanataka iwe dola 150. Sisi tunalipa pia chama cha wenye nyumba kila mwezi, sasa si tunalipa mara mbili? Na hatukuulizwa wakati inaanzishwa. Halafu kinachonitisha zaidi, mi bado sina uraia, nina kadi ya ukaazi tu, nikipiga hiyo kura si nitaharibu makaratasi yangu?

Jibu: Marahaba dada yangu. Nianzie huko mwisho maana ndo kinachokunyima usingizi na nimeona watu wetu wengi wanaichana ile bahasha kwa woga huo huo. Hiyo siyo kura ya uchaguzi. Zoezi lenyewe linatoka kwenye Katiba ya California, kifungu cha XIII D kilichoingizwa na Proposisheni 218, yaani pendekezo walilopitisha wananchi kwa kura mwaka 1996, na sheria ya jimbo inayolitekeleza inasema kabisa kwamba halihesabiwi kama uchaguzi, ni utaratibu wa wenye viwanja kupinga au kukubali tozo. Haki yako hapo inatoka kwenye kumiliki nyumba, haitoki kwenye uraia wala kuandikishwa kupiga kura, ndo maana hata kampuni inayomiliki jengo inaletewa karatasi, hata mtu anayeishi nchi nyingine ila ana nyumba hapo analetewa. Kama roho bado inasita mpelekee wakili wako wa uhamiaji hiyo karatasi aisome, haimchukui dakika tano. Ila usiichanganye na karatasi ya uchaguzi wa kawaida, ile usiiguse mpaka upate uraia.

Sasa tuje kwenye hela yenyewe. Hiyo LLD maana yake ni eneo la tozo ya bustani na taa, na inatokana na Sheria ya Bustani na Taa ya mwaka 1972, na watu wanaichanganya na kodi ya nyumba kwa sababu tu zinakuja bili moja na kaunti ndo inakusanya zote. Kodi ya nyumba inakwenda na thamani, na tangu Proposisheni 13 ya mwaka 1978 msingi wake umefungwa kwenye asilimia 1. Tozo haiangalii thamani kabisa. Inaangalia kiwanja chako kinapata faida gani mahsusi kutoka kwenye ile taa na ile miti, yaani faida ambayo mpita njia au mtu wa mtaa wa tatu haipati kama wewe unavyoipata. Faida ya watu wote kwa jumla haitakiwi kuingia kwenye bili yako hata senti, hiyo jiji linatakiwa kutoa kwenye mfuko wake mwingine.

Na hapo ndo pa kukaza macho dada. Lazima kuwe na ripoti ya injinia mwenye leseni ya jimbo, inayoonyesha gharama zote, ramani ya eneo, mgawanyo wa kila kiwanja na jinsi alivyotenganisha faida mahsusi na faida ya jumla. Iombe ofisi ya karani wa jiji, ni haki yako. Mi kazi yangu ni kuandaa ripoti za aina hiyo na nakwambia ukurasa wa kwanza kuufungua ni huo wa faida ya jumla. Ukikuta kuna barabara kubwa inayopitwa na magari ya mji mzima, bustani yake inamwagiliwa kwa hela yenu, halafu ripoti inasema faida ya jumla ni sifuri, hapo uliza maswali. Ukikuta wameandika kwamba faida yenu ni nyumba kupanda thamani, basi, hiyo nayo peke yake sheria haiikubali. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya California ilifuta tozo ya maeneo ya wazi ya kaunti ya Santa Clara, dola 20 tu kwa nyumba kwa mwaka, na ikasema mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali siyo wa mwananchi. Baada ya hapo tozo ya bustani za Wildomar kule Riverside ikaanguka 2010, na ya Golden Hill San Diego ikaanguka 2011, zote kwa tatizo hilo hilo la faida ya jumla kutotenganishwa sawasawa.

Kuhusu kutoulizwa, kwa mitaa mipya huwa hivi: kampuni inayojenga inamiliki viwanja vyote kabla hata ya kuuza nyumba ya kwanza, jiji linaiambia ili upate kibali anzisha eneo la tozo, nayo inakubali peke yake kwa sababu mwenye viwanja vyote ni yeye. Mnaokuja kununua mnaikuta. Kisheria inapita, ingawa mi naona mnunuzi alitakiwa aelezwe kwa mdomo, siyo kuachiwa aitafute kwenye rundo la karatasi za kusaini.

Kulipa mara mbili, hapana, ila hakikisha. Chama cha wenye nyumba kinatunza vitu vya ndani vya pamoja, eneo la tozo linatunza vilivyo kwenye ardhi ya umma, taa za barabarani, kile kipande cha katikati ya barabara, miti ya pembeni. Chukua ramani ya kwenye ripoti tembea nayo mtaani jioni moja. Ukiona fundi bustani wa chama ndo anayekata majani ya kipande ambacho ripoti imekipigia hesabu, hapo una hoja nzito, andika barua.

Halafu kura zinavyohesabiwa, hapa watu wanashangaa sana. Hazihesabiwi vichwa, zinahesabiwa dola, na ni za waliorudisha tu. Tuseme mtaa una nyumba 400, kila moja imepangiwa dola 150, na kuna jengo la maduka limepangiwa 9,000. Zikarudi karatasi za nyumba 80, 50 zinakataa na 30 zinakubali, na maduka yanakubali. Waliokataa wana dola 7,500, waliokubali 4,500 ukiongeza 9,000 wana 13,500. Imepita, japo nyumba nyingi zilizorudisha zimekataa, na zile 320 zilizokaa kimya hazikuhesabiwa popote. Sasa unaelewa kwa nini nasema usiitupe bahasha?

Lakini sikwambii ukatae. Umeme umepanda, maji yamepanda, mishahara ya mafundi imepanda, na nyaya za shaba za taa zinaibiwa, na tozo haipandi yenyewe isipokuwa kama kiwango cha kufuata mfumuko wa bei kilikubaliwa tangu mwanzo. Los Angeles ina taa zaidi ya 220,000 na tozo zake nyingi zilibaki pale pale tangu 1996, matokeo yake mtu anaripoti taa imezima anasubiri miezi. Mkikataa mtabaki na dola 90 zenu na jiji litapunguza huduma zifike hapo, kwa kawaida bustani ndo inaanza kukauka. Angalia pia akiba: hela ya kwanza ya bili inaingia Disemba wakati mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo akiba ya kuwavusha hiyo miezi ni halali kabisa, ila ikizidi sana hapo waulize inasubiri nini.

Karatasi yako isaini, maana isiyosainiwa haihesabiwi, na ifike kabla kikao cha kusikiliza wananchi hakijafungwa, kikao hicho hakiwezi kukaa kabla ya siku 45 tangu watume barua. Kuweka kwenye posta siku ya kikao haisaidii, peleka mwenyewe kwa mkono. Ukibadili mawazo unaweza kuomba uibadilishe kabla kikao hakijafungwa. Na ujue siyo siri, baada ya kuhesabu mtu yeyote anaweza kuomba kuona nani alisema nini. Baraza la jiji likishapitisha tozo, wa kwenda mahakamani ana siku 30 tu.