Kabla ya kulipandisha gari springi, lala chini ulichungulie

Kila mvua za Desemba zikikaribia naulizwa jambo moja: nina gari la kawaida la fowili (linalosukumwa na matairi yote manne), niliongezee vifaa au niliuze ninunue lililokamilika?

Jibu liko chini ya gari. Suzuki Jimny, kwa udogo wake wote, ina chesisi ya ngazi (fremu ya chuma yenye umbo la ngazi), ekseli nzima (mhimili mmoja wa kushoto hadi kulia) mbele na nyuma, na gia ya lo, yaani gia nzito ya mwendo wa polepole wenye nguvu. Vitu hivyo fundi hawezi kukufungia kwa bei ya maana. Kama gari lako linavyo, baki nalo. RAV4 haina gia hiyo. Ukiipandisha springi itaonekana ndefu tu, na Liwale ya masika, kule Lindi, itakusubiri palepale.

Fedha ya kwanza iende kwenye matairi. Kazi yangu ni kufunga pampu za visima kati ya Nachingwea na Liwale, na udongo ule mwekundu ukilowa, tairi la lami hujaa tope likawa laini kama sabuni. Lenye meno marefu, yaliyoachana, hujisafisha lenyewe. Usivuke sana saizi ya kiwandani: tairi kubwa mno hulemea injini ya cc 1,300, hupunguza nguvu ya breki, na spidomita husoma pungufu.

Kisha nunua pampu ndogo ya upepo. Kwenye mchanga wa Msimbati, kushusha upepo hadi psi 18 hivi kunasaidia kuliko winchi (mashine ya kulivuta gari kwa kamba), kwa kuwa winchi inataka mti, na mti hauoti pale ulipokwama. Ukifika lami, jaza.

Bampa la chuma, winchi, keria: kila kilo inakula nafasi ya mzigo. Jimny yenyewe ina uzito wa tani moja na kidogo. Mabomba utayaweka wapi?

Kwa hiyo anayebeba mzigo masika yote namshauri anunue Land Cruiser au Prado yenye loki ya difu ya nyuma (hulazimisha matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja) kutoka kiwandani. Bila loki, tairi moja likining'inia juu ya shimo, nguvu ya ekseli hiyo huishia huko na gari huweza kukwama. Si kila Prado inayo. Tafuta swichi yake ndani, iwashe, angalia taa kwenye dashibodi, kisha kata kona taratibu kwenye mchanga: ikishika kweli, utasikia gari likigoma kukunja. Muuzaji akikataa jaribio hilo, tafuta gari lingine.